"West": Magharibi ya Wapi?

(Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tulimaliza neno "east". Leo tugeukie upande linakozama jua. Mwanafunzi wa Kiingereza huambiwa kwamba "west" ni magharibi, akaridhika. Kwenye dira hakuna ubishi. Utata huanza neno linapoingia katika majina ya mahali, kwa kuwa aliyelitoa jina alikuwa amesimama mahali fulani, na hapo pake hapatajwi.

Tuanze na upepo. "West wind" ni upepo utokao magharibi, kama vile kaskazi yetu inavyotoka kaskazini. Lakini "westward" ni kuelekea magharibi. Mfasiri wa taarifa za hali ya hewa akiyachanganya hayo mawili, amewapotosha mabaharia.

Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern, kilichoanzishwa mwaka 1851, kiko karibu na Chicago. Ukitazama ramani ya leo, hapo si kaskazini-magharibi hata kidogo. Sheria ya mwaka 1787 ndiyo iliyoliita eneo hilo Northwest Territory, wakati mpaka wa nchi ulipoishia Mto Mississippi. Baadaye mpaka ulisogea hadi Bahari ya Pasifiki, jina halikusogea.

Ukingo wa Magharibi, au "West Bank", nao uko mashariki ya Tel Aviv. Umagharibi wake unapimwa kutoka Mto Jordan, na jina lilienea baada ya vita vya 1948, eneo hilo lilipokuwa chini ya utawala wa Jordan.

Likiandikwa kwa herufi kubwa, "the West", neno huiacha dira kabisa. Australia, iliyo kusini-mashariki ya Asia, huhesabiwa humo. Moroko, ambayo yote iko magharibi ya Greenwich, London, haihesabiwi, ingawa jina lake la Kiarabu, Al-Maghrib, lina asili moja na magharibi yetu. Kinachopimwa hapo ni siasa, utajiri na historia.

Kwa hiyo, ukikutana na "west" katika habari, tazama kwanza herufi yake, kisha uliza: magharibi ya wapi, na kwa macho ya nani? Bila majibu hayo, tafsiri yako itakuwa sahihi katika kamusi na kombo katika ramani.

Juma lijalo: "south".