UGONJWA UNAOTOKA KWA MATESO YA KAZINI

Tuchukue mfano wa mama mumoja, karani katika depo ya muji. Asubuhi, akiona mulango wa depo, moyo wake unapiga mbio na tumbo linamukata. Usiku halali. Amemeza dawa ya malaria mara mbili, lakini hakupona. Watu wa nyumbani wanasema: amerogwa. Wenzake wa kanisa wanasema: imani yake imepunguka.

Munganga anapima damu yake, haoni malaria. Ndipo anamuuliza: "Mama, kule kazini kuna nini?" Mama anaanza kulia. Tangu miezi mingi mukubwa wake anamutukana mbele ya wateja na kumwita mujinga. Anaficha makaratasi yake, halafu anamushitaki ya kuwa ameyapoteza. Wenzake wanaogopa hata kumusalimia.

Je, mama huyu ni mugonjwa kweli? Ndiyo, ni mugonjwa kweli.

Mambo yanayotokea mwilini

Mutu akikutana na nyoka njiani, mwili wake unajitayarisha kwa kukimbia. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Hofu ikija, tezi hizi zinatia dawa yao katika damu. Moyo unapiga mbio, miguu inapata nguvu. Hii ni kazi njema, maana nyoka akipita, mwili unatulia tena.

Lakini mutu anayeteswa kazini anakutana na nyoka yake kila asubuhi. Mwili wake haupati saa ya kutulia. Basi tunaona alama hizi: kukosa usingizi, kichwa kuuma, tumbo kuuma, kukosa hamu ya chakula, kusahau, kukasirikia watoto bure, kulia bila kujua sababu. Kwa wengine damu inapanda.

Tufahamu neno moja. Mukubwa akikuonya kwa sababu umechelewa, hayo si mateso. Mateso ni kumuzarau mutu, kumutisha na kumutenga tena na tena, mpaka avunjike moyo.

Kupumzika ni dawa

Mutu aliyevunjika muguu akilala nyumbani, hakuna anayemwita muvivu. Vivyo hivyo, munganga akiona ya kuwa mugonjwa hawezi kazi kwa sababu ya mateso, anaweza kumwandikia konje ya ugonjwa. Konje hii ni dawa kama dawa nyingine. Fanya hivi:

1. Njoo hospitali mapema. Munganga atapima damu na mwili wako kwanza, maana magonjwa mengine yana alama zilezile.

2. Mwambie munganga mambo yote, hata yale ya haya. Siri yako inabaki kwake.

3. Usimulazimishe aandike, "Mukubwa fulani ndiye aliyemuletea ugonjwa." Yeye hakuwa kule kazini. Anaandika aliyoyaona mwilini mwako, na siku unazopaswa kupumzika.

4. Peleka barua ya munganga kazini upesi, ao tuma ndugu. Shika kopi, na anayeipokea atie tarehe na jina lake juu yake. Usikae nyumbani bila barua, maana watasema umekimbia kazi.

5. Wakati wa konje, lala, tembea kidogo, ongea na mutu unayemutumaini. Usinywe pombe ili upate usingizi. Usinunue dawa za usingizi sokoni, maana mwili unazizoea na kuziacha ni vigumu.

Sheria inasema nini

Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 oktoba 2002 inasema ya kuwa ugonjwa unasimamisha mapatano ya kazi, hauyavunji. Wakati huo mufanyakazi anapaswa kupata sehemu mbili kwa tatu za mushahara wake. Ugonjwa ukipita miezi 6 bila kukatika, mwenye kazi anaweza kuvunja mapatano, lakini kwa kulipa malipo yanayopasa. Tena sheria hiyo inahesabu matukano makubwa, vitisho na mateso ya roho kuwa kosa zito la mwenye kazi, hata akiacha wafanyakazi wengine wamutendee mwenzao hivi.

Konje peke yake haitoshi

Ukikausha nguo na kuirudisha mvuani, italowana tena. Basi, nguvu zikirudi, andika katika daftari mambo uliyotendewa: siku, saa, maneno, na watu waliosikia. Peleka habari kwa mukubwa aliye juu ya yule anayekutesa, ao kwa sendika. Wasipokusikia, nenda kwa mukaguzi wa kazi wa Serikali. Yeye anaita pande zote mbili ili wapatane, mbele ya shauri kufika kwenye tribinali. Usiache kazi kwa hasira mbele ya kuuliza shauri kwake.

Kwa watu wa nyumbani na wa kanisa

Musimwambie mugonjwa, "Vumilia tu, wengine hawana kazi." Mutembeleeni, mumusikilize, mumusindikize hospitali. Kuombea mugonjwa na kumupeleka kwa munganga ni mambo mawili yanayokwenda pamoja.

Akisema anataka kujiua, ao maisha yake hayana faida tena, musimwache peke yake hata kidogo. Mumulete hospitali siku ileile. Hata usiku mulete. Vilevile akiumwa kifua kama kinafinywa.

Maulizo

1. Kwa nini mwili wa mutu anayeteswa hautulii?
2. Munganga anaandika nini katika barua, na haandiki nini?
3. Kati yetu, ni nani aliyeacha kucheka tangu alipopata mukubwa mupya? Tumekwenda kumuona?