Unajinyima na kufanya mazoezi, mbona uzito unapanda?

Si ajabu siku hizi kumsikia mtu akilalamika kwamba ameacha chipsi na soda, anatembea kila alfajiri, na bado uzito unapanda. Nyumbani huambiwa anakula kwa siri. Kazini hutaniwa. Mwishowe yeye mwenyewe huamini kwamba hana nidhamu, akazidi kujinyima hadi akaanza kushikwa na kizunguzungu.

Ndugu msomaji, uzito unaopanda bila sababu ya wazi ni dalili, kama vile homa au kikohozi. Dalili haitibiwi kwa aibu. Hutafutiwa chanzo. Daktari akimuuliza mgonjwa maswali matatu, aghalabu chanzo hujitokeza: Uzito umepanda kwa kasi gani? Unatumia dawa gani? Je, mwili una mabadiliko gani mengine?

KASI YA KUPANDA

Mafuta hayajengeki kwa usiku mmoja. Ili kuongeza kilo 1 ya mafuta, mwili huhitaji ziada ya takriban kalori 7,700. Kwa hivyo, mtu akiongeza kilo 2 au zaidi kwa siku tatu, jambo la kwanza la kushuku ni maji, wala si mafuta. Bonyeza mguu kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi. Pakibaki shimo, huenda moyo, figo au ini lina kasoro. Ukiwa pia unakosa pumzi unapolala chali, uso umevimba asubuhi au mkojo umepungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mja mzito anayevimba uso na mikono ghafla na kuumwa na kichwa asingoje hata saa moja.

Kwa upande mwingine, anayeanza mazoezi anaweza kuongeza kama kilo 1 katika wiki za mwanzo, kwa kuwa misuli iliyochoka huhifadhi maji. Huyu na apime kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Kiuno kikipungua, yuko katika njia njema hata mizani ikisema vingine. Hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kuongezeka kiuno kikipita sentimita 80 kwa wanawake na 94 kwa wanaume.

DAWA UNAZOTUMIA

Hapa ndipo wengi hupatikana, na ndipo wengi hukosea. Sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi mitatu huwanenepesha baadhi ya kina mama, ingawa si wote. Aliyeongeza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi 6 ya kwanza ana uwezekano mkubwa wa kuendelea kuongezeka. Mama kama huyo hana haja ya kuvumilia. Zipo njia nyingine za kupanga uzazi.

Insulini, baadhi ya tembe za kisukari, baadhi ya dawa za kifafa na nyingi za magonjwa ya akili pia huongeza uzito. Kadhalika dolutegraviri, dawa ya ARV ambayo Kenya ilianza kuitumia mwaka wa 2017. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo waliongeza uzito kuliko wenzao, hasa wanawake. Hata hivyo, dawa hiyo hudhibiti virusi vizuri mno. Anayeitupa ili apungue anabadilisha kilo chache na uhai wake.

Kuna pia dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni. Hizi huongeza hamu ya kula na kupeleka mafuta tumboni, usoni na juu ya mgongo, huku mikono na miguu ikikonda. Wapo wanaozitumia bila kujua: hupatikana katika baadhi ya krimu za kujichubua, katika tembe za kunenepesha zinazouzwa vichochoroni, na hata katika mitishamba ya maumivu ya viungo iliyochanganywa na dawa za hospitali. Ukigundua hivyo, usiziache ghafla. Mwili uliozizoea unaweza kuzimia. Mwone daktari azipunguze polepole.

MABADILIKO MENGINE

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, ndiyo inayoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani. Ikizembea, mtu huhisi baridi wakati wenzake wanapepea, hufunga choo, ngozi hukauka, sauti hukwaruza na hedhi huwa nzito. Kipimo cha damu kiitwacho TSH hutoa jibu, na tiba ni tembe moja kwa siku. Lakini tusidanganyane: tezi hii kwa kawaida huongeza kilo chache tu. Haiwezi kubebeshwa lawama ya kilo 20.

Mwanamke ambaye hedhi yake hupotea kwa miezi, anayeota ndevu na chunusi, na ambaye shingo yake ina weusi usiotoka kwa sabuni, huenda ana vivimbe vidogo vingi kwenye ovari. Weusi huo si uchafu. Ni ishara kwamba mwili wake haiitikii insulini ipasavyo. Anahitaji kupimwa sukari pia.

Kadri umri unavyosonga, misuli hupungua na mahitaji ya chakula hushuka. Mama anayekaribia kukoma hedhi huona mafuta yakihamia tumboni ingawa sahani yake haijabadilika. Mazoezi ya kuinua vitu vizito humsaidia kulinda misuli, zaidi ya kutembea peke yake.

KALORI ZILIZOJIFICHA

Baada ya hayo yote, tuangalie sufuria. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kalori 120. Sukumawiki ni mboga nzuri, lakini ikikaangwa kwa vijiko vinne, mafuta hayo hushinda kazi ya saa nzima ya kutembea. Mtu anaweza kujinyima ugali na bado akanywa sukari ndani ya chai na sharubati. Aidha, anayejinyima kupita kiasi hufanya mwili wake ubane matumizi, kama familia inavyofanya mshahara unapochelewa.

LA KUFANYA

Andika kwa siku 7 kila unachokula na kunywa. Beba dawa zako zote, pamoja na krimu na mitishamba, umpelekee daktari. Omba upimwe shinikizo la damu, sukari, mkojo na, dalili zikielekeza, TSH. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apime mimba kwanza.

Jihadhari na tembe na chai za kupunguza mwili. Chai za kuharisha huondoa maji, mafuta yakabaki. Baadhi ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba zimepatikana na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka wa 2010 kwa kuhatarisha moyo.

Na kwa mume, mke au rafiki wa anayehangaika: kabla ya kumwambia apunguze kula, muulize kama amepimwa.