Kitupwacho Lindi Hufika Malindi

Msomaji akisikia jina la Lindi, huenda fikira zake zikaelekea mji wa bandari ulio kusini ya Tanzania. Lindi ninayoitaja leo haina bandari wala jahazi. Ni kijiji kimoja katika vijiji vya Kibera, mjini Nairobi, kilichojengwa penye mteremko ushukao hadi Mto Motoine na Bwawa la Nairobi. Wakazi wake ni vibarua, mafundi, wachuuzi, makarani kama mimi, na pia wazee Wanubi ambao babu zao, askari wa King's African Rifles, walipewa makao katika msitu wa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20.

Katika lugha yetu lindi ni shimo refu, na malindi ni mashimo mengi. Kwa hiyo Lindi ya Kibera na mji wa Malindi ulio pwani ni ndugu kwa jina. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba undugu wao si wa jina peke yake, bali ni wa maji vilevile, na kwamba undugu huo una wajibu wake.

Masika moja nilikuwa nikivuka daraja pamoja na binti yangu wa miaka saba, mvua ikiwa imekatika saa ile ile. Kandambili yake ikamtoka mguuni, ikaanguka mtoni. Maji yalikuwa meusi, yanakwenda mbio, na kandambili ikachukuliwa pamoja na chupa, matambara na maganda ya mahindi. Mtoto hakulia. Aliniuliza, "Baba, itakwenda wapi?" Nikamjibu kama watu wazima wajibuvyo wasipotaka maswali, "Imepotea."

Usiku ule nilifungua ramani ya nchi, nikafuata kwa kidole mstari mwembamba wa bluu utokao Kibera. Niliona kwamba nimemdanganya mtoto. Kitu kilichoanguka mtoni hakikupotea. Kinayo safari yake, na mwisho wa safari hiyo wapo watu.

NJIA YA MAJI

Mto Motoine hutoka upande wa misitu ya Dagoretti na Ngong, hupita Kibera, kisha huingia katika Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953. Bwawa hilo lilikusudiwa kuwa akiba ya maji ya mji, na watu waliwahi kutembea na mashua za tanga juu yake. Miaka ilivyozidi, uchafu na udongo vililijaza, na magugu maji yakatanda hata pahali penye maji pakafanana na shamba. Maji yakitoka bwawani huitwa Mto Ngong. Hupita Eneo la Viwanda na vijiji vya Mukuru, kisha huungana na Mto Nairobi mashariki ya mji.

Hapo Lindi hukutana na jirani zake wa Kawangware, kwa maana Mto Nairobi hutoka katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, na kupita upande wa Kawangware kabla ya kuingia mjini. Mito hiyo ikiisha kuwa mmoja, huingia katika Mto Athi. Athi huanguka katika maporomoko ya Fourteen Falls, hupita Ukambani, hupokea Mto Tsavo, hugeuka jina ukaitwa Galana, na mwisho huitwa Sabaki. Baada ya safari ya zaidi ya kilometa 400 humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Katika mito ya Kenya ni Tana peke yake uupitao kwa urefu.

MLANGO WA SABAKI

Mahali mto uingiapo baharini ndipo paitwapo mlango wa mto. Maji matamu na maji ya chumvi huchanganyika hapo, na tope laini hutulia. Mtu apitaye kwa haraka huona tope tu. Walakini tope hilo ni chakula cha minyoo na kaa wadogo, na hao ni chakula cha ndege na samaki. Mizizi ya mikoko huwaficha samaki wachanga na kamba wa baharini mpaka wapate nguvu ya kwenda maji makuu. Kama mkulima alivyo na kitalu cha miche, ndivyo bahari ilivyo na mlango wa mto. Kitalu kikiharibika, mvuvi hataona hasara siku ile. Ataiona baada ya misimu kadhaa, wavu wake utakaporudi mwepesi.

Mlango wa Sabaki unajulikana kwa wataalamu wa ndege wa mataifa mengi. Heroe husimama katika maji yake, na wako ndege wahamao kutoka Bukini ambao huja kukaa hapo katika miezi ya baridi yetu. Viboko nao wako. Wenyeji wa Sabaki hupata riziki kwa uvuvi, kwa kilimo cha kingo za mto, na kwa kuwaongoza wageni wajao kutazama ndege.

Madhara yatokayo bara ni ya namna mbili. Ya kwanza ni takataka na maji machafu ya mji. Ya pili ni udongo, na hiyo ndiyo hatari iliyofichika zaidi, kwa sababu hakuna adhaniaye kwamba udongo ni uchafu. Mwaka 2007 wataalamu walitoa habari za uchunguzi wa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe hukua kidogo kidogo kila mwaka, likiacha alama ndani yake kama pete za mti, na katika alama hizo hubaki dalili za udongo ulioletwa na mto. Tumbawe lile lilionyesha kwamba tangu mwaka 1700 hadi karibu na 1900 udongo wa Sabaki haukubadilika sana. Kisha, katika karne ya 20, ukaanza kuzidi na kuzidi. Ndiyo karne ambayo misitu na mbuga za bara zilifunguliwa kuwa mashamba ya walowezi, na wenyeji na mifugo yao wakasongamanishwa katika nchi ndogo.

Udongo huo huyafunika matumbawe na kuyazuilia mwanga wa jua. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968, na ni katika hifadhi za kwanza za namna hiyo barani Afrika. Sheria yake yaweza kumzuia mtu asivunje tumbawe kwa nyundo. Haiwezi kuuzuia udongo wa Machakos usiingie kwa mto. Askari wa hifadhi akisimama ufuoni na bunduki yake, adui humpita miguuni.

SOMO LA UKAMBANI

Basi dawa yapatikana wapi? Nadhani Ukambani pana somo linalotufaa sote, wa mjini na wa shamba.

Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechakaa vibaya. Wako waliosema kwamba nchi ile imekwisha kufa. Serikali ya wakati ule iliona kosa ni wingi wa ng'ombe, ikaamuru wapunguzwe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kupinga amri hiyo. Serikali ililegeza amri, lakini Muindi alihamishwa akapelekwa Lamu. Baada ya vita ya pili ya dunia watu walilazimishwa kuchimba matuta, na kazi iliyofanywa kwa kulazimishwa ilichukiwa.

Walakini matuta yenyewe hayakuwa na kosa. Wakulima walipoona kwa macho yao kwamba shamba lenye matuta huhifadhi maji na kuzaa zaidi, waliyachimba kwa hiari, wakisaidiana katika vikundi vya kazi viitwavyo mwethya. Namna moja iliyoenea sana ni ile iitwayo fanya juu: mkulima huchimba mtaro kwa kukingama mteremko, na udongo huurusha upande wa juu uwe ukingo. Wachunguzi walioandika habari za Machakos mwaka 1994 walieleza kwamba watu walikuwa wameongezeka mara nyingi tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Vilima ni vile vile, na matuta ni matuta. Kilichobadilika ni kwamba kazi imekuwa ya wenyewe.

Pwani nako liko jambo la kufanana na hilo. Mikoko ya Kenya iliwekwa chini ya ulinzi wa Serikali tangu mwaka 1932, na ikaendelea kukatwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwapa wenyeji nafasi ya kushiriki katika kutunza misitu. Huko Gazi, katika Kwale, wanavijiji walianzisha mwaka 2013 mpango uitwao Mikoko Pamoja. Hulinda na kupanda mikoko, na kwa sababu mikoko hufyonza hewa chafu ya kaboni, hupata malipo kutoka ng'ambo. Fedha hizo zimetumika kwa maji na kwa shule. Hapo mtu akatapo mkoko huwa ameuibia mfereji wa kijiji, na jirani zake watamwuliza kabla ya askari.

KIBERA NA SHERIA YA MITA 30

Hapa kwetu Kibera pia kazi imefanyika. Tangu mwaka 2006 shirika la Kounkuey Design Initiative limeshirikiana na vikundi vya wenyeji kugeuza majalala ya kando ya mto kuwa viwanja vya watoto, na kujenga kuta za mawe ya kuzuia mafuriko. Umande Trust imejenga vyoo ambavyo uchafu wake hutoa gesi ya kupikia. Kila choo cha namna hiyo ni uchafu uliozuiliwa usianze safari ya Malindi. Amri ya tarehe 28 Agosti 2017 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea nayo ilileta nafuu ionekanayo na kila mtu.

Lakini tumeona pia kazi zisizodumu. Kuanzia mwaka 2008 marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliusafisha Mto Nairobi kwa bidii, na watu walistaajabu kuona maji yaking'aa. Alipofariki mwaka 2012, uchafu ulirudi polepole. Mto uliotegemea bidii ya mtu mmoja ulifiwa pamoja naye.

Katika mafuriko ya mwaka 2024 Serikali iliamuru waliokaa ndani ya mita 30 za mito waondoke, na nyumba nyingi zikabomolewa. Neno hili ni zito, nami nalisema kwa uangalifu, maana mimi ni mtumishi wa Serikali na tena ni jirani ya waliovunjiwa. Ukingo wa mto lazima uwe wazi. Mafuriko yale yaliua watu, na yataua tena. Hata hivyo, mtu aliyebomolewa banda bila kuonyeshwa pa kwenda hakuacha kuishi. Huhamia bonde jingine, na choo chake na takataka zake humfuata. Tena mita 30 ni mita 30 kwa maskini wa Lindi na kwa mwenye kiwanda. Sheria ikipimwa kwa kamba mbili, hakuna atakayeiheshimu.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 huruhusu watumiaji wa mto mmoja waunde chama chao cha kuutunza. Haki hizi zimeandikwa, yafaa zitumiwe. Msomaji uliye mkulima, acha ukingo wa mto uote nyasi na miti, wala usilime hadi majini. Chimba matuta yako kabla ya mvua za vuli, si baada yake. Msomaji uliye mwenye nyumba za kupanga, usikusanye kodi ya vyumba kumi visivyo na choo hata kimoja. Nasi makarani, barua ya malalamiko juu ya bomba la uchafu ifikapo mezani isilale chini ya barua nyingine. Mto hausubiri faili. Vijana wa Serikali wameletwa kusafisha mito tangu mwaka 2024, na kazi yao ni njema, lakini gari la taka lisipofika Lindi kila juma, watakuwa wakizoa leo kitakachotupwa kesho.

Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo bwawa letu lilivyojaa, na ndivyo matumbawe ya Malindi yanavyofunikwa. Kwa njia ile ile, haba na haba, yaweza kuondolewa.

Binti yangu nimekwisha kumsahihishia jibu. Nilimwonyesha ramani, nikamweleza kwamba kandambili yake imekwenda safari ya Malindi, na kwamba huko wako watoto wanaocheza ufuoni. Akafikiri kidogo, akasema si vizuri wao kuokota vitu vyetu. Jumamosi iliyofuata tulikwenda darajani pamoja na majirani kumi na wawili, wenye koleo na magunia. Tulizoa sehemu ndogo tu ya ukingo. Jumamosi ijayo tutaendelea pale tulipoachia.