Maji, Adui wa Nyumba za Mawe

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa Unguja mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, iliporomoka wakati wa matengenezo. Watu wawili walifariki dunia. Jumba hilo lilikuwa limechakaa kwa miaka mingi. Msiba huo watulazimu kujiuliza: nyumba yenye kuta nene za mawe huharibikaje?

Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, hivyo hunyonya maji. Chokaa nayo huuachia unyevu utoke kwa njia ya mvuke. Ukuta wa namna hii huweza kulowa na kukauka bila ya madhara makubwa, mradi paa liwe zima.

Paa likivuja, mambo hugeuka. Mvua ya milimita 50 juu ya paa lenye mita 100 za mraba ni lita 5,000 za maji. Mifereji ya paa ikiziba, sehemu ya maji hayo huteremkia ndani ya ukuta, huchukua udongo na chokaa, na kuacha mapengo yasiyoonekana. Vichwa vya boriti za mikoko vilivyochomekwa ukutani hukaa na unyevu, vikaoza na kuliwa na wadudu. Dari huonekana salama, kumbe haina tena pa kuegemea.

Wenye nyumba wengi hukimbilia saruji. Hilo ni kosa. Lipu ya saruji ni ngumu, na haipitishi mvuke kwa urahisi. Unyevu hufungika ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu, na hatimaye lipu hubanduka pamoja na vipande vya jiwe.

Hapana budi matengenezo yaanzie juu: paa, mifereji, na mahali paa linapokutana na ukuta. Kisha ukuta uachwe ukauke. Dari itegemezwe kabla ya boriti mbovu kuondolewa. Na lipu mpya iwe ya chokaa.

Usipoziba ufa, walinena wahenga, utajenga ukuta. Basi kila mwaka, kabla ya masika, mwenye nyumba na apande darini akatazame. Kuzibua mfereji ni kazi ya asubuhi moja.