Kabla Hujasema "Kocha Aondoke": Hesabu ya Pamba Jiji

Pamba Jiji ikipoteza mechi, mabweni ya huku Malimbe yanagawanyika mara moja. Kuna wanaosema kocha aondoke, kuna wanaosema apewe muda. Mimi ni shabiki wa timu hii, na kuna swali ambalo naona linatakiwa kuja kabla ya hayo mawili: kwa pesa iliyonayo, Pamba ilitakiwa kuwa nafasi ya ngapi? Bila jibu la swali hilo, hatuna namna ya kujua kama kocha amefeli au amefanya maajabu.

Tatizo linaanzia kwenye kumbukumbu. Wazee wa Mwanza wakisema "TP Lindanda" wanazungumzia timu iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1990, timu ya kina George Masatu, Hussein Marsha na Khalfan Ngassa. Hawadanganyi, ila wanazungumzia uchumi mwingine. Jina lenyewe linatokana na zao lililokuwa likiendesha Kanda ya Ziwa, na zama hizo mashirika ya umma ndiyo yaliyobeba timu nyingi nchini. Mpira wa mishahara mikubwa ulipoingia, Pamba haikuwa na mfuko wa kushindana. Ikashuka, na ikarudi Ligi Kuu Aprili 2024 baada ya miaka 23. Kwa hiyo anayeidai Pamba ya leo matokeo ya 1990 anadai kitu ambacho hakimo kwenye bajeti.

Pesa inatoka wapi

Tuanze na televisheni. Mwaka 2021 TFF na Azam walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Gawanya kwa miaka, unapata wastani wa bilioni 22.56. Hata tukijifanya kwamba zote zinaenda kwa klabu 16 kwa mgawo sawa (jambo ambalo si kweli), kila timu ingepata kama bilioni 1.4 kwa mwaka. Sasa linganisha na mkataba mmoja tu wa kifuani mwa jezi: mwaka 2022 Simba na M-Bet walisaini bilioni 26.1 kwa miaka mitano, yaani bilioni 5.2 kwa mwaka. Nembo moja kifuani ina thamani zaidi ya mara tatu na nusu ya mgawo huo wa kufikirika, na hapo hatujagusa mfuko wa mwekezaji.

Pili, viingilio. Kirumba ni uwanja wa CCM, Pamba ni mpangaji kama sisi tunaokaa geto. Na siku Kirumba inapojaa kweli ni siku ya Simba au Yanga, ambapo watu wengi wa Mwanza hii hii wanaingia na jezi ya mgeni. Tusioneane aibu, tunajuana.

Tatu, mwenye timu. Pamba Jiji ni mali ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Hii ni nguvu, kwa sababu halmashauri haihami mji wala haichoki kama tajiri mmoja. Lakini ni pesa ya umma, inasubiri bajeti, makusanyo na vipaumbele, na haiwezi kushindana na barabara ya Igoma au dawa za zahanati bila watu kuhoji. Anayeishi kwa bumu anaelewa: pesa ipo kwenye karatasi, lakini siku itakayoingia ni habari nyingine. Dirisha la usajili halisubiri.

Ukijumlisha vyote, Pamba si timu ya kugombea ubingwa. Kwa makadirio yangu ni timu ya nafasi ya nane hadi ya kumi na mbili. Mwanauchumi Stefan Szymanski, aliyeandika kitabu *Soccernomics* na Simon Kuper, alionyesha kwa takwimu za Uingereza kwamba kwa muda mrefu nafasi ya timu kwenye msimamo hufuata sana mishahara inayolipa. Makocha wanaoivusha timu juu ya mfuko wake wapo, ila ni wachache.

Kumfukuza kunasaidia?

Hapa upande wa "aondoke" una ushahidi wake mkononi. Mbwana Makata aliipandisha timu, klabu ikaamua kuanza Ligi Kuu na Goran Kopunović, kocha aliyewahi kuinoa Simba. Mechi za mwanzo zikapita bila ushindi hata mmoja, Oktoba 2024 akaondolewa, akaja Fred Felix Minziro, na timu ikabaki Ligi Kuu. Si mnaona?

Tuone, ila taratibu. Chukua mwanafunzi ambaye wastani wake ni 60. Tesiti moja anapata 35, kwa sababu aliumwa na maswali yalitoka asikosoma. Tesiti inayofuata kuna uwezekano mkubwa atapanda, hata asipobadilisha kitu. Ukimbadilishia mwalimu katikati, utasema mwalimu mpya ndiye aliyemwokoa. Makocha hufukuzwa timu ikiwa kwenye 35 yake, kwa hiyo mrithi wake anaanzia mahali ambapo kupanda ni rahisi. Mwanauchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alilichunguza hili kwenye ligi ya kwao: timu zilizofukuza kocha zilipanda, lakini zilizopitia kipindi kibaya kama hicho bila kufukuza nazo zilipanda.

Sisemi Minziro hakufanya kazi. Nasema matokeo ya mechi saba au nane hayatoshi kumhukumu aliyeondoka wala kumtawaza aliyekuja. Na kila mabadiliko yana bili: kuvunja mkataba, benchi jipya la ufundi, na wachezaji ambao kocha mpya hawataki. Kwa klabu yenye mfuko mdogo, bili hiyo inaweza kuwa mshambuliaji mmoja.

Lakini pesa si kila kitu

Mtu atanikumbusha Mbao FC, na atakuwa sahihi. Chini ya Mrundi Etienne Ndayiragije, Mbao iliifunga Yanga 1-0 hapa Kirumba Aprili 2017 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, ikaenda Dodoma kuisumbua Simba kwenye fainali hadi ikafungwa 2-1 katika dakika za nyongeza. Ule ulikuwa ukocha. Ila angalia kilichofuata: Ndayiragije akaenda KMC, kisha Azam, kisha Taifa Stars. Mwaka 2020 Mbao ikashuka. Kocha mzuri ana thamani kubwa zaidi kwenye timu maskini, na timu maskini ndiyo isiyoweza kumbakiza.

Na Mbao haiko peke yake kandokando ya ziwa letu. Toto African ilishuka 2017. Alliance ilishuka 2020. Gwambina ya Misungwi ilipanda na kushuka ndani ya msimu mmoja, 2020/21. Biashara United ya Musoma iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika Oktoba 2021, ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa marudiano, ikaondolewa, na msimu huo huo ikashuka daraja. Geita Gold ilifika mashindano ya Afrika 2022, ikashuka 2024. Kagera Sugar ikafuata 2025. Timu hizi zilikuwa na makocha tofauti kabisa. Kilichofanana ni mfuko unaotegemea chanzo kimoja au viwili: kikitetereka, timu inaenda nacho.

Tudai nini basi

Kutarajia kwa hesabu si kukubali unyonge. Ni kujua cha kudai. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinaenda kwenye mchujo. Timu inayopata zaidi kidogo ya pointi moja kwa mechi kwa kawaida inapumua. Shinda mechi nane nyumbani, toa sare kumi kokote, una pointi 34. Kocha wa Pamba apimwe kwa kipimo hicho, na apimwe baada ya mzunguko mzima wa kwanza, akishakutana na kila timu.

Viongozi nao wapimwe, na hapa ndipo sisi tumelala. Timu ni ya Jiji, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza maswali ambayo shabiki wa timu ya tajiri hawezi. Msimu huu zimetengwa shilingi ngapi, na zimetoka lini? Kuvunja mikataba kumegharimu kiasi gani? Ni vijana wangapi wa Mwanza wamepandishwa kikosi cha kwanza, wakati kituo cha Alliance kiko hapo hapo Mahina? Diwani wa kata yako anakaa kwenye kikao kinachopitisha bajeti hiyo. Kocha anaweza kufukuzwa kwa kelele za wiki mbili, ila mfuko wa klabu hautajazwa kwa kelele hizo. Mechi ijayo tukibishana bwenini, anayetaka kocha aondoke aanze kwa kutuambia kocha huyo alipewa nini.