Angalia Maji Kwanza

Mama huyo alishuka meli ya asubuhi kutoka Nansio, akapanda bodaboda hadi ofisini kwetu Kirumba, jirani na soko la Mwaloni. DVD ilikuwa kwenye kasha lake, kasha limefungwa kwa kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kabla hujaifungua hiyo, tazama hapa kwanza." Akanipa simu.

Ilikuwa harusi yake ya mwaka 2008. Maharusi wamesimama ufukweni, Jiwe la Bismarck nyuma yao, jua la saa tisa linapiga ziwani. Fundi mmoja alikuwa amemhamishia DVD ile kwenye simu, harusi nzima ya saa moja na dakika 50 ikaingia kwenye MB 300. Mama akaweka kidole kwenye kioo. "Mbona ziwa limekuwa vigae?"

Lilikuwa vigae kweli: miraba midogo inarukaruka pale palipopaswa kuwa na mawimbi. Mume wake, ambaye alifariki miaka minne iliyopita, anacheka kwenye picha ile, lakini uso wake ulikuwa kama umepakwa uji. Nilipoweka DVD yenyewe kwenye kompyuta, macho yake yapo, meno yapo, hata jasho la paji la uso lipo. Kila kitu kilikuwemo kwenye diski. Kilipotelea kwenye namba moja tu, iliyochaguliwa kwa haraka.

Nitaieleza namba hiyo, kwa sababu nyumba nyingi za Mwanza bado zina DVD kabatini na deki ilishakufa.

DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Picha zake zimebanwa kwa mtindo wa MPEG-2, ambao ni wa miaka ya tisini. Mtindo wa H.264, uliotoka mwaka 2003 na unaosomwa na karibu kila simu na TV bapa, unabana vizuri zaidi. Ndiyo maana harusi iliyojaza diski nzima inaweza kukaa kwenye GB 1 na nusu hivi, na jicho lisione tofauti. Kupungua huko ni halali. Ukilazimisha zaidi ya hapo, unaanza kutupa nyuso za watu.

Programu ninayotumia ni HandBrake. Ni ya bure, na inakupa njia mbili. Ya kwanza, unaiambia kiasi cha data kwa kila sekunde, na hapo ukubwa wa faili unaujua kabla hujaanza. Ya pili, unaiambia ubora unaoutaka, ukubwa utajulikana mwishoni. Nahodha wa boti ya injini ananielewa haraka nikimwambia hivi: njia ya kwanza ni kupewa lita 20 za petroli na kuambiwa zikutoshe, ziwa liwe shwari au lichafuke. Njia ya pili ni kuambiwa ufike Nansio salama, mafuta utakayotumia ndiyo hayo. Kwa video ya familia mimi huchagua kufika salama.

Ubora huo unaandikwa kwa namba iitwayo RF, nayo inakwenda kinyume na mazoea yetu: namba ikiwa ndogo, picha ni nzuri na faili ni kubwa. Kwa H.264 mwisho wake ni 51, na huko hakuna cha kutazama. Watengenezaji wa HandBrake wanashauri 18 hadi 22 kwa picha za ukubwa wa DVD. Ukiongeza namba sita, faili linapungua karibu nusu. Mimi huanzia 20. Mahubiri, au kikao cha ukoo ambacho mzee amekaa kwenye kiti anaongea, napeleka 22 bila wasiwasi. Harusi ya ufukweni, au ngoma za Bulabo kule Bujora watu wakitimua vumbi, nashuka hadi 19, hata 18.

Kwa nini maji na vumbi? Programu inabana video kwa kulinganisha picha moja na iliyotangulia, kisha inahifadhi zaidi kile kilichobadilika. Mzee akiongea, ukuta nyuma yake haubadiliki, viti havibadiliki, ni midomo tu na mkono. Ziwa likipigwa na jua linabadilika lote, kila punje ya mng'ao ni mpya, mara 25 kwa sekunde. Data ikiwa haitoshi, programu inaanza kukadiria, na makadirio yake ndiyo vile vigae. Kwa hiyo nikipokea DVD yoyote natafuta kwanza mahali penye maji. Yakisalimika maji, mengine yote yamesalimika.

Chenga nazo zinakula GB. Sherehe za usiku zilizopigwa kwa mwanga hafifu zimejaa punje za chenga, na programu inazihifadhi kama vile ni kitu cha maana. Kuna sehemu ya kuzipunguza. Tumia kidogo sana, la sivyo ngozi za watu zinakuwa kama plastiki.

Usikuze picha. DVD za kwetu ni pikseli 720 kwa 576. Wateja wananiomba niwatolee "full HD", nami nakataa kwa heshima, maana nitawapa faili kubwa lenye picha ileile. Na harusi iliyopigwa enzi za TV za chogo usiivute ijaze kioo kipana, bibi harusi atanenepa bure. Kingine ni meno ya kitana: DVD nyingi za kamera za zamani zilihifadhi kila picha kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, na kwenye simu mkono unaopunga unaonekana umechanwachanwa. Washa kichujio kinachoitwa "deinterlace", na mistari hiyo itaondoka.

Sauti usiibane kwa uchoyo. Sauti ya mtindo wa AAC, kilobiti 160 kwa sekunde, kwa saa mbili ni kama MB 140 tu. Mtu anaweza kuvumilia picha iliyofifia kidogo, lakini sauti ya baba aliyekwisha kufa akimwombea binti yake baraka ni lazima isikike kila neno.

Mengine ni ya haraka. Flashi nyingi zinakuja na mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja lifikie GB 4. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, kwa sababu ukituma kama video itabanwa upya na kazi yako yote inaharibika. Kabla ya kubana chochote, nakili DVD nzima kama ilivyo kwenye diski ngumu na uitunze. DVD za kuchoma zinaharibika kwa jua, joto na mikwaruzo, na dagaa aliyekwisha kukaushwa harudi kuogelea.

Kwa mama wa Nansio nilikata dakika moja ya pale ufukweni, nikaibana mara nne: 18, 19, 20 na 22. Nilimwonyesha zote kwenye simu yake mwenyewe, kisha kwenye TV ya ofisini, bila kumwambia ipi ni ipi. Kwenye simu hakuona tofauti. Kwenye TV aliikataa 22 mara moja. "Hapa maji yamelala," akasema. Akachagua 19.

Kompyuta yangu ni ya zamani, ilichukua zaidi ya saa mbili, naye akaenda Mwaloni kutafuta mteja wa dagaa wake. Aliporudi faili lilikuwa GB 1.6. Akakaa kwenye benchi, akalitazama hadi pale mume wake anapocheka, akalirudisha nyuma, akatazama tena.

"Niwekee na kwenye flashi," akasema. "Mtoto wetu mdogo yuko Geita, hajawahi kumwona baba yake akicheka hivi."