Uso Unaoanza na Kijani

Siku ninapoanza uso wa mtakatifu, wanaopita karakanani kwangu hapa Bukoba hushtuka. Babu mmoja wa kanisani kwetu aliinamia ubao, akautazama, akaniuliza, "Mwanangu, huyu anaumwa nini?" Paji la uso, mashavu na shingo, vyote nilikuwa nimevipaka rangi moja, kijani kilichokolea kuelekea kahawia. "Haumwi, babu," nikamwambia. "Bado hajafika."

Rangi hiyo Wagiriki huiita proplasmosi, Warusi sankiri. Ni udongo wa njano, udongo wa kijani na nyeusi kidogo. Wachoraji wengine huanza na rangi ya ngozi, kisha wakatia vivuli. Sisi wachoraji wa ikoni, picha takatifu, hatutii kivuli hata kimoja. Tunaanzia gizani na kuongeza mwanga. Kile unachokiona kama kivuli kando ya pua au chini ya kidevu ni kijani kilekile cha mwanzo, tulichokiacha bila kukigusa.

Kinachoshika rangi ubaoni ni kiini cha yai. Naondoa ute, nakiviringisha kiini kiganjani hadi kikauke nje, nakining'iniza kwa vidole viwili, kisha nakitoboa kichuruzike kikombeni. Ngozi yake hubaki vidoleni. Naongeza maji, na siki kidogo kisioze upesi. Mtaliano Cennino Cennini, aliyeandika kitabu cha ufundi huu mnamo mwaka 1400 hivi, alishauri kiini kilichopauka cha kuku wa mjini kwa nyuso za vijana, na kiini chekundu cha kuku wa shamba kwa wazee na wenye ngozi iliyokolea. Kumbe ubishi wa kuku wa kisasa na wa kienyeji ni wa zamani! Mimi natumia wa kienyeji kwa nyuso zote, maana njano ya kiini hufifia yenyewe kwa mwanga.

Rangi ya yai hukauka mara tu inapogusa ubao, kwa hiyo huwezi kuilainisha hapohapo kama rangi ya mafuta. Dawa yake ni kupaka nyepesi, tena na tena. Juu ya kijani naweka udongo wa njano uliotiwa nyeupe na wekundu kidogo, nikiacha kingo. Tabaka linalofuata lina nyeupe zaidi na hufunika sehemu ndogo zaidi, na hivyo hivyo, hadi mwanga ubaki kwenye paji, mgongo wa pua na juu ya shavu. Wekundu mwembamba hupita mashavuni na midomoni. Hapo ndipo kijani kinapolipa: wekundu ukipakana nacho, kila kimoja humchangamsha mwenzake, na ngozi hupata joto ambalo waridi peke yake haiwezi kulitoa. Mwisho ni vijistari vyeupe, vyembamba kama unywele, chini ya macho. Vikizidi, mtakatifu anazeeka.

Atakaye kuona kazi hii katika ubora wake atafute picha nzuri ya Mama wa Mungu wa Vladimir, ikoni iliyochorwa Konstantinopoli karne ya 12. Mavazi yamepakwa upya mara kadhaa. Nyuso za Mama na Mtoto ni za mchoraji wa kwanza, na kijani bado kinachungulia chini ya ngozi.

Wengi huamini kwamba nyuso za ikoni za kale zilichorwa zikiwa karibu nyeusi. Nyingi zilitiwa weusi na mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo hupakwa juu kuikinga picha, nayo hukolea kadiri miaka inavyopita na kunasa moshi wa mishumaa. Mwaka 1904 Mrusi Vasily Guryanov alipoanza kuisafisha ikoni ya Utatu ya Andrei Rublev, chini ya weusi huo zilijitokeza rangi angavu ambazo hakuna aliyezitarajia. Siku hizi wengi wetu tunatumia vanishi isiyobadilika rangi. Mwalimu wangu hakuipenda hata kidogo. Alisema inang'aa mno, mtu akisali anajiona mwenyewe.